Maswali na majibu: Rochefort na fanusi yake

Mwezi uliopita niliandika juu ya Henri Rochefort, mtunzi wa vichekesho vya jukwaani na mwandishi wa magazeti wa Paris, aliyezaliwa 1831 na kufariki 1913. Nilieleza jinsi kijarida chake La Lanterne, yaani Fanusi, kilivyomtoa jasho Kaisari Napoleon III. Jinsi alivyofungwa, akapelekwa uhamishoni Kaledonia Mpya, koloni la Ufaransa katika bahari ya Pasifiki, na kutoroka. Na jinsi, uzeeni, kalamu ileile ilivyomzushia uongo Kapteni Alfred Dreyfus, mtu asiye na hatia. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyowaudhi wengi. Nitaifikia. Kwanza yale mepesi.

*Mwandishi, huyu si ndiye aliyesema kwamba unafiki ni heshima ambayo uovu huutolea wema? (Msomaji, Dodoma)*

Siye. Huyo ni La Rochefoucauld, na alikufa 1680, miaka 151 kabla Rochefort hajazaliwa. Swali hili nimelijibu mara mbili mwaka huu na leo linarudi tena, safari hii na picha iliyobandikwa msemo wa mmoja chini ya uso wa mwingine. Aliyetengeneza picha ile hakufungua kitabu, na walioisambaza hawakufungua pia. Msomaji asipokuwa na hakika ya msemo, auache. Mtu haumwi na msemo ambao hakuusambaza.

*Unamwita mtunzi wa tamthilia, lakini mimi nasoma fasihi chuoni na sijaona tamthilia yake hata moja. Alitunga nini? (Msomaji, Eldoret)*

Alitunga vodevili. Ni mchezo mfupi wa kuchekesha, una nyimbo katikati, mara nyingi hutungwa na watu wawili au watatu kwa pamoja, unachezwa majuma machache kisha unasahaulika. Paris ya miaka ya 1850 na 1860 ilikuwa na njaa kubwa ya michezo hiyo. Baba yake Rochefort naye alikuwa mtunzi wa vodevili, mtu wa ukoo wa kimwinyi uliofilisika, mwenye kuwalilia wafalme wa zamani. Mama yake alielekea upande wa jamhuri. Kijana alirithi cheo cha umarikizi, na baadaye akakiacha. Mwaka 1851 alipata ukarani katika halmashauri ya jiji la Paris, akawa anaandikia jukwaa kwa saa ambazo mshahara wa karani ulimwachia. *Un monsieur bien mis*, yaani bwana aliyevaa vizuri, ni ya 1856. *La Vieillesse de Brididi* aliitunga na Adolphe Choler mwaka 1864. Hazichezwi tena, na sidhani kama zinastahili kufufuliwa.

Hata hivyo usizidharau, maana humo ndimo alimojifunza kuandika. Mtunzi wa vodevili hana muda wa kueleza. Mhusika anaingia, anasema sentensi moja, ukumbi unacheka au haucheki. Kama haucheki, sentensi inakatwa usiku uleule. Fanya kazi hiyo miaka kumi, mkono wako utajua wenyewe neno la kuchoma liwekwe wapi. Alipohamia kwenye magazeti, kwanza Le Charivari, kisha mengine, hadi Le Figaro lililoongozwa na Villemessant, alihama na mkono huo. Ila jukwaa lina kasoro moja kama shule ya mwandishi wa habari: hakuna mtazamaji anayeuliza kama yaliyosemwa ni kweli. Yeye anacheka, basi. Rochefort aliichukua kasoro hiyo pamoja na ustadi, na maisha yake yote yaliyofuata mimi nayasoma kwa jicho hilo.

*Ile sentensi ya kwanza ya Fanusi umeitaja bila kuitafsiri. Tutafsirie. (Msomaji, Tanga)*

Nitafanya hivyo, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu jambo lenyewe linastahili.

Kumbukeni hali ilivyokuwa. Tangu 1852 gazeti la siasa Ufaransa lilihitaji kibali cha serikali, likaweka dhamana ya fedha, likalipa ushuru wa stempu, na likikosea lilipewa onyo. Maonyo yakirudiwa, lilisimamishwa. Wahariri walijidhibiti wenyewe kabla ya polisi kufika. Villemessant alilazimika kumwondoa Rochefort kwenye Figaro kwa shinikizo la wakubwa. Kisha Mei 1868 Napoleon III, akidhani analegeza kamba, alipitisha sheria mpya iliyofuta kibali. Wiki hazikupita nyingi, mwishoni mwa mwezi huohuo, Fanusi ikatoka: kijitabu kidogo cha jalada jekundu, cha kila wiki, sentimu 40, karibu chote kimeandikwa na mtu mmoja. Nakala zilizouzwa za toleo la kwanza zilipita 100,000. Jina lenyewe lilikuwa kitisho, kwani mwaka 1789 watu wa Paris walipopiga kelele za "kwenye fanusi!" walikuwa na maana ya kumnyonga mtu kwenye nguzo ya taa ya barabarani.

Sentensi ya kwanza inasema kwamba, kwa mujibu wa kitabu rasmi cha dola, Ufaransa ina *sujets* milioni thelathini na sita, bila kuhesabu *sujets* za manung'uniko. Neno la Kifaransa lina maana mbili, mtu aliye chini ya mtawala, na jambo au sababu. Kiswahili hakina neno moja linalobeba zote mbili. Tafsiri inayozunguka mitandaoni, "Ufaransa ina raia milioni 36 na malalamiko mengi", ni sahihi na imekufa. Mimi ningesema hivi: "Ufaransa ina watu milioni thelathini na sita wanaotawaliwa na Kaisari, ukiacha hesabu ya vinyongo vinavyowatawala wao." Si kamili, lakini angalau neno linajipinda mara mbili kama alivyotaka mwenyewe.

Ndani ya toleo hilohilo alijitangaza kuwa mfuasi wa ukoo wa Bonaparte. Katika Napoleon wote, akasema, yeye anamchagua Napoleon II. Huyo ni mtoto wa Napoleon wa kwanza, ambaye hakutawala kamwe. Akaanza kuusifu utawala wake: hakuna kodi, hakuna vita, hakuna safari za kijeshi za mbali zinazokula mamilioni. Sasa mwendesha mashtaka amshtaki kwa lipi? Kwa kumsifu Bonaparte? Nasema bila kusita kwamba sijasoma shambulio la gazetini lililosukwa vizuri kuliko hilo. Kila sifa anayopewa asiyetawala ni shtaka kwa anayetawala, na hakuna uongo hata mmoja ndani yake. Shikeni hilo, *hakuna uongo hata mmoja*. Ndiyo Rochefort ninayempenda.

Serikali ilivumilia kwa kitambo. Toleo la 11 likakamatwa, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya faranga 10,000. Alikuwa ameshavuka mpaka kwenda Brussels, ambako jamaa ya Victor Hugo ilimpokea, na Fanusi ikaendelea kutoka huko.

*Ni kweli Fanusi iliingizwa Ufaransa ndani ya sanamu za plasta za Kaisari mwenyewe? (Msomaji, Kisumu)*

Ndivyo inavyosimuliwa, na ni hadithi tamu. Kwamba iliingizwa kwa magendo, hilo halina shaka. Zaidi ya hapo siweki saini yangu.

*Mwalimu, mimi namwona mwoga. Siku ya mazishi ya Victor Noir alikuwa na watu laki moja mkononi, akawarudisha nyumbani. (Msomaji, Mbeya)*

Kwa wasiokumbuka: Januari 10, 1870, Mwanamfalme Pierre Bonaparte, binamu wa Kaisari, alimpiga risasi na kumuua Victor Noir, mwandishi kijana wa miaka 21, nyumbani kwake Auteuil. Noir alikuwa ametumwa na mwandishi mwenzake, Paschal Grousset, kupanga pigano la bastola kutokana na ugomvi wa magazeti, wakati mwanamfalme mwenyewe alikuwa amemtaka Rochefort wapigane. Kesho yake gazeti la Rochefort, La Marseillaise, lilichapa maneno yake kwamba yeye, Rochefort, alikuwa na udhaifu wa kudhani Bonaparte anaweza kuwa kitu kingine zaidi ya muuaji. Mazishi yalifanyika Neuilly tarehe 12, na umati ulikuwa mkubwa kweli. Wapo waliotaka jeneza lipelekwe katikati ya Paris, mapinduzi yaanze.

Rochefort alikuwa mbunge tayari, aliyechaguliwa Novemba 1869 katika jimbo la Belleville. Alijua jeshi limepangwa likiwasubiri. Watu wake hawakuwa na silaha. Akasema hapana, Delescluze, mwanajamhuri mwenzake, naye akasema hapana. Ndugu wa Mbeya, wewe unaiita woga hali umeketi. Mimi naiita siku yake bora kuliko zote. Mtu aliyezoea kushangiliwa kila anapofungua kinywa aliwanyima washangiliaji wake kile walichokitaka, kwa kuwa alihesabu maiti. Kama angekuwa na ujasiri huo mbele ya wasomaji wake mwaka 1898, tusingekuwa na barua hizi.

Malipo yake? Alivuliwa kinga ya ubunge, na mwezi uliofuata akatiwa gereza la Sainte-Pélagie. Mwanamfalme akaachiwa huru mwezi Machi.

*Alikuwa mwanakomuna au hakuwa? Vitabu vinapingana. (Msomaji, Bujumbura)*

Vitabu havipingani, vinasomwa haraka. Umati ulimtoa gerezani Septemba 4, 1870, siku Dola ilipoanguka, akaingizwa katika Serikali ya Ulinzi wa Taifa, akajiuzulu kabla ya miezi miwili kutimia. Wakati wa Komuna ya Paris, yaani utawala wa waasi walioushika mji huo kati ya Machi na Mei 1871, hakuwa mjumbe wa baraza la Komuna. Alikuwa mhariri wa Le Mot d'ordre, akiwachapa watu wa Versailles, yaani serikali ya taifa iliyohamia huko, kwa nguvu na kuwalaumu wakuu wa Komuna pale alipoona wamezidi. Matokeo yake pande zote mbili hazikumwamini. Akatoroka Paris siku chache kabla ya wiki ya damu, jeshi la Versailles lilipoitwaa Paris na kuua maelfu, akakamatwa Meaux. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu uhamisho wa maisha. Kwa maandishi tu, zingatieni hilo. Hakushika bunduki.

Kuna jambo dogo ambalo barua hii haikuuliza. Mwaka 1872, akiwa mfungwa, aliletwa Versailles chini ya ulinzi ili afunge ndoa na mama wa watoto wake, aliyekuwa mahututi, watoto wapate jina halali. Kisha akarudishwa ngomeni. Hugo alimwandikia Waziri Mkuu, Duke de Broglie, Agosti 1873, akiomba mwenzake asipelekwe ng'ambo kwa kuwa afya yake haikuwa ya kuvumilia safari. Barua haikusaidia kitu.

*Tusimulie vizuri alivyotoroka na Louise Michel. (Wasomaji watano, kutoka miji mitano)*

Hakutoroka na Louise Michel, yule mwalimu mwanamapinduzi wa Komuna. Wasomaji watano! Nilichoandika ni kwamba *walisafirishwa* pamoja, katika meli ya Virginie, mwaka 1873: miezi minne baharini, kupitia visiwa vya Kanari na Brazili, kisha kusini kabisa mwa Rasi ya Tumaini Jema hadi Nouméa, mji mkuu wa Kaledonia Mpya, ambako walifika Desemba. Yeye akatoroka baada ya miezi mitatu. Louise Michel akabaki mpaka msamaha wa 1880. Mkisoma, someni mpaka nukta.

Sasa utoro wenyewe. Usiku wa Machi 19 kuamkia 20, 1874, watu sita. Watatu, Rochefort, Grousset na Olivier Pain, walikuwa wamezuiliwa kwenye rasi ya Ducos. Wengine watatu, François Jourde aliyeshika fedha za Komuna, Achille Ballière na Bastien Grantille, walikuwa na ruhusa ya kukaa mjini Nouméa, na ndio waliopata mashua. Wale wa rasini waliingia majini gizani wakaogelea hadi kwenye mwamba, mashua ikawachukua hapo. Bandarini ilikuwepo meli ya Kiingereza iliyoitwa P.C.E., nahodha wake David Law, ambaye alikubali kuwabeba kwa ahadi ya faranga 10,000. Wakajificha, meli ikang'oa nanga, na baada ya wiki moja hivi walikuwa Newcastle, Australia. Kutoka hapo Rochefort alipitia Fiji, Hawaii na San Francisco hadi New York, ambako gazeti la Herald lilichapa masimulizi yake, kisha London na Geneva.

Édouard Manet alichora picha ya mkasa huo kati ya 1880 na 1881: mashua ndogo mno, watu wamejikunja ndani yake, bahari imejaza turubai yote. Alifanya picha mbili, moja iko Zürich na nyingine Musée d'Orsay, Paris. Ukiitazama unaelewa jinsi taifa lilivyompenda mtu huyu.

Lakini naomba wasomaji wangu watazame pia wasiomo kwenye mashua. Katika kisiwa hicho walikuwemo maelfu ya wanakomuna wasio na jina kubwa wala rafiki wa kuwachangia faranga. Walikuwemo Waalgeria waliohamishwa baada ya maasi ya Mokrani ya 1871 dhidi ya utawala wa Wafaransa, na msamaha wa 1880 ulipowarudisha wanakomuna nyumbani, wao haukuwahusu. Na walikuwemo wenye nchi, Wakanaki, walionyang'anywa ardhi ili mifugo ya walowezi ipate malisho na magereza yapate mahali. Walipoinuka mwaka 1878, wanakomuna wengi, watu waliojiita wapigania uhuru, walisimama upande wa wazungu. Louise Michel ni mmoja wa wachache waliosimama na Wakanaki. Hakuna picha ya Manet juu ya hilo. Msomaji wa Kiafrika anayesimulia utoro wa Rochefort bila kuwataja Wakanaki anasimulia kwa kinywa cha Paris.

*Je, Rochefort aliwahi kufika Zanzibar au pwani yetu? (Msomaji, Lamu)*

Hapana.

*Nasoma sheria. Alikuwa akishtakiwa kwa Kaisari tu, au hata chini ya Jamhuri alifikishwa mahakamani kwa kashfa? (Msomaji, Nairobi)*

Swali zuri kuliko yote yaliyoletwa, na jibu lake ndilo daraja kati ya Rochefort wa mwanzo na yule wa mwisho.

Alirudi Paris Julai 1880, akapokewa na umati uliojaza barabara, na mwezi huohuo akaanzisha L'Intransigeant, gazeti la asiyekubali suluhu. Mwaka uliofuata Ufaransa iliivamia Tunisia na kuitia chini ya ulinzi wake kwa Mkataba wa Bardo, Mei 12, 1881. Rochefort aliupinga uvamizi huo, na mimi niko pamoja naye. Lakini hakutosheka kusema ni dhuluma. Aliandika kwamba vita vilipikwa kwa faida ya wenye hati za madeni ya Tunisia, na akamtaja Théodore Roustan, mwakilishi wa Ufaransa mjini Tunis, kuwa amezama katika biashara hiyo. Roustan akashtaki. Kesi ikasikilizwa Desemba 1881 mbele ya baraza la wananchi kumi na wawili, kama sheria mpya ya magazeti ya Julai 1881 ilivyoagiza. Wakamwachia Rochefort. Muda si mrefu Roustan akahamishiwa Washington.

Wapenzi wa uhuru wa magazeti wanaitaja hukumu hiyo kwa fahari, na ninaelewa kwa nini. Mimi naiona pia kama siku aliyoharibikiwa. Wale kumi na wawili walikuwa wanakichukia kitendo cha Tunisia, wakamlipa aliyekishambulia. Yeye akajifunza kwamba ukilenga adui ambaye watu wameshamchoka, hutadaiwa ushahidi mzito. Kwa mwandishi hakuna somo baya kuliko hilo. Nimefanya uhariri miaka mingi, na niliwahi, nikiwa kijana, kupitisha habari ya kumchafua mtu kwa sababu tu sentensi yake ya kwanza ilikuwa imenolewa vizuri na mtu mwenyewe hakuwa na mtetezi. Habari haikuwa kweli. Mtu yule hakunishtaki, na kutoshtakiwa ndiko kulikonichelewesha kuelewa nilichofanya. Kwa hiyo ninapoandika juu ya Rochefort siandiki juu ya Mfaransa wa mbali.

*Rochefort alimfuata Jenerali Boulanger kwa nini? Mtu wa mapinduzi na jenerali wapi na wapi? (Msomaji, Mwanza)*

Kwa sababu wote wawili walikuwa wanawachukia wabunge walewale. Boulanger, waziri wa vita wa zamani aliyependwa na umati, aliahidi kuwafagia, Rochefort akampa gazeti lake. Aprili 1889 jenerali alikimbilia Brussels, na mwezi Agosti Baraza la Seneti, likikaa kama mahakama kuu, liliwahukumu uhamisho yeye, mshirika wake Dillon na Rochefort, wote wakiwa hawapo. Boulanger alijiua mwaka 1891 juu ya kaburi la mpenzi wake. Rochefort akakaa London hadi msamaha wa 1895. Anayeuliza "wapi na wapi" anadhani chuki ina itikadi. Chuki inatafuta wa kumpiga tu, na akishapatikana inashirikiana na yeyote mwenye fimbo.

*Umemchafua shujaa. Alifungwa kwa ajili ya uhuru, wewe unamkumbusha Dreyfus. Kila mtu hukosea. (Barua saba zenye maneno karibu yaleyale)*

Karibuni tuyatazame hayo "makosa".

Dreyfus, ofisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa, alihukumiwa Desemba 1894 kwa kuiuzia Ujerumani siri, kwa hati ambayo hakuiandika yeye. Akavuliwa vyeo hadharani, akafungwa Kisiwa cha Shetani, pwani ya Guyana. Kufikia mwisho wa 1897 ushahidi ulikuwa unaelekeza kwa mtu mwingine, Meja Esterhazy. Ndipo L'Intransigeant, Desemba 1897, likachapa kwamba ipo barua ya siri ambamo mfalme wa Ujerumani mwenyewe, Wilhelm II, anamtaja Dreyfus. Barua hiyo haikuwepo. Serikali ilikanusha. Rochefort hakukoma. Emile Zola alipochapa barua yake ya wazi katika L'Aurore, Januari 13, 1898, Rochefort alikuwa mstari wa mbele wa waliomtukana. Mbunge Joseph Reinach, aliyekuwa akimtetea Dreyfus, alimshtaki kwa kashfa akashinda, na Rochefort akapewa siku tano za kifungo. Wafuasi wake walimsindikiza gerezani kama shujaa. Mwaka huohuo, Mahakama ya Juu ilipoanza kuipitia upya kesi, aliandika kwamba majaji wakatwe kope na kuwekewa buibui machoni.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho. Ni mkono uleule wa Napoleon II. Picha kali, inayokaa kichwani, inayosomwa kwa sauti mkahawani watu wakacheka. Ufundi haukupungua hata chembe. Kilichokuwepo 1868 na kisichokuwepo 1898 ni ukweli, na pahali pake pamejaa chuki dhidi ya Wayahudi, ambayo L'Intransigeant liliuza kila asubuhi kwa wafanyakazi wa Paris kama vile ndiyo utetezi wao.

Kwa hiyo, ndugu zangu saba, sikubali neno "kukosea". Aliyekosea huonyeshwa akarudi. Ernest Vaughan aliwahi kuwa msimamizi wa L'Intransigeant lenyewe. Akatoka, akaanzisha L'Aurore, na humo ndimo Zola alimochapa. Georges Clemenceau mwanzoni aliamini Dreyfus ana hatia, akasoma, akabadilika. Nafasi ilikuwepo na watu waliomfahamu vizuri waliitumia. Mwaka 1906 mahakama ilimsafisha Dreyfus kabisa. Rochefort alikuwa hai bado, na bado alikuwa na gazeti.

Mnaniambia alifungwa kwa ajili ya uhuru. Alifungwa, nami nimelisimulia hilo kwa mapenzi katika safu hii na ile iliyopita. Lakini jela haimpi mtu leseni ya kumfunga mwingine kwa uongo. Tunao waandishi wetu waliolala mahabusu kwa kusema kweli, ambao leo wakiandika uzushi juu ya kabila fulani au familia fulani tunawanyamazia, eti tuwaheshimu kwa ya zamani. Nawaomba wahariri vijana wanaonisoma: mletewapo makala ya mtu wa namna hiyo, mwombeni ushahidi kama mnavyomwomba mwanafunzi wa mafunzo kazini.

*Nianzie kitabu gani cha Rochefort? (Msomaji, Kampala)*

Kama unasoma Kifaransa, anza na matoleo ya kwanza ya La Lanterne yenyewe, ni mafupi na yanapatikana. Kumbukumbu zake, *Les Aventures de ma vie*, zilianza kutoka 1896, zikawa majuzuu matano. Zina raha ya kusoma, na kila anapomtaja adui yake weka alama pembeni, ukatafute upande wa pili kabla hujaamini. Riwaya yake *L'Évadé* ya 1880, yenye mandhari ya Kaledonia Mpya, waachie watafiti.

*Alikufa lini, na Dreyfus je? (Msomaji, Muscat)*

Rochefort aliliacha L'Intransigeant mwaka 1907, akaendelea kuandika katika gazeti la La Patrie, na alifariki Aix-les-Bains Juni 30, 1913. Mwaka mmoja baadaye vita vikaanza. Dreyfus, akiwa na miaka 54, alirudi jeshini kuitumikia nchi ambayo L'Intransigeant lilisema aliiuza, na alikuwepo Verdun. Alikufa Paris mwaka 1935.